Upanga wa jogoo umekuwa mweusi: tuwashe taa ya joto bandani?

SWALI

Shikamoo, Bibi.

Huwa nasoma ushauri wako wa mifugo, na leo nimeona niandike mwenyewe maana nyumbani tumegawanyika. Tuna kuku kumi nyuma ya nyumba, majike tisa na jogoo mmoja, wote wamekomaa. Banda letu ni la mbao, mita mbili kwa mbili. Baridi ilipoingia, mume wangu alizungushia banda zima nailoni ngumu, na matundu yote ya juu, chini ya paa, akayaziba kwa magunia. Alifanya kwa huruma, hakutaka upepo uwafikie. Sasa usiku tunafika nyuzi 12 chini ya sifuri, na watabiri wa hali ya hewa wanasema wiki ijayo huenda zikawa 20.

Badala ya kuku kupata nafuu, hali inazidi kuharibika. Nikifungua mlango asubuhi harufu inanichoma macho. Kioo cha dirisha kina barafu upande wa ndani, na vichwa vya misumari darini vinadondosha maji. Ncha za upanga wa jogoo zilipauka kwanza, sasa zimekuwa nyeusi. Maji ya kunywa yanaganda kabla ya saa nne asubuhi. Mayai tuliyokuwa tukiokota sita au saba kwa siku sasa ni moja, siku nyingine hakuna kabisa. Na kuna jike mmoja amenyonyoka manyoya shingoni na mgongoni, ukimtazama unasikitika.

Mume wangu anataka kutundika taa ya joto ya wati 250 iwake usiku kucha. Mimi naogopa moto. Wifi yangu anasema tukate sehemu nyeusi za upanga kabla hazijaoza, na kuku tuwashonee vifulana. Wote wana nia njema, ila nahofia tutawaua huku tukidhani tunawaokoa. Tufanye nini, Bibi, na tuanze na lipi?

Mama wa Kuku Kumi

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Anzeni leo hii, kabla giza halijaingia: toeni yale magunia ya juu. Mengine nitakayoandika yanaweza kusubiri kesho, hilo lisisubiri. Upanga msiukate. Na taa msiitundike.

Najua linashangaza, baridi inazidi nami nasema fungueni. Lakini tazama ulichoandika mwenyewe: barafu ndani ya kioo, matone kwenye misumari, harufu ya kuchoma macho, upanga mweusi. Yote hayo chanzo chake ni kimoja, nacho ni unyevu uliokosa pa kutokea.

Kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi, kubwa kuliko letu. Akijitutumua, manyoya yake yananasa hewa karibu na ngozi, na hewa hiyo ndiyo inayomkinga. Hata miguu yake, ambayo haina manyoya, ina ulinzi wake: mishipa inayoshusha damu ya moto imepita karibu sana na ile inayopandisha damu ya baridi, kwa hiyo joto linarudi mwilini kabla halijapotelea kwenye vidole. Kuku aliyezoea baridi tangu ilipoanza kidogo kidogo, mwenye manyoya kamili na aliyeshiba jioni, huhimili nyuzi 12 chini ya sifuri. Hata 20 huzimudu, mradi mahali pake pakavu na upepo haumpigi alipolala.

Manyoya yakilowa ulinzi huo unakwisha, kama koti zito lililonyeshewa. Na banda lililozibwa linalowa lenyewe. Kuku kumi wanakunywa lita mbili au zaidi kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo inatoka kama pumzi na kinyesi. Kinyesi kibichi cha kuku karibu robo tatu yake ni maji. Majira haya usiku ni mrefu, kuku wanashinda ndani saa nyingi kuliko nje, na mvuke wote unapanda darini, unakuta nailoni na magunia, unageuka matone, unawarudia. Ukitua kwenye upanga na ndevu za jogoo, zile nyama zinazoning'inia chini ya mdomo, unaganda pale pale. Upanga huungua kwa namna hiyo hata nyuzi zikiwa chache tu chini ya sifuri, ilhali kuku wa banda kavu lenye baridi kali kuliko hiyo wanaamka salama.

Harufu nayo ni amonia, inatoka kwenye kinyesi kilicholowa. Ikikuchoma wewe uliyesimama mlangoni kwa dakika moja, fikiria wao waliolala humo tangu jioni. Inaharibu macho na njia ya hewa, na kuku mwenye mapafu dhaifu magonjwa ya kifua hayamkosi.

Sasa namna ya kufungua. Hewa ipite juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala, isipite walipo. Matundu yawe chini ya paa kabisa, pande mbili zinazotazamana kama inawezekana, ili mvuke utoke bila upepo kushuka kwenye migongo yao. Kipimo ninachokiamini ni uwazi wa sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Banda lenu lina mita 4 za mraba, kwa hiyo mnahitaji kama mita 0.4 ya mraba: ufa wa sentimita 10 kwenda juu, wenye urefu wa mita 2, kila upande. Siku ya dhoruba mnaweza kuziba upande unakotoka upepo, ila ule mwingine ubaki wazi usiku na mchana. Matundu yote yafunikwe kwa wavu mgumu wa chuma wenye macho ya milimita 12 hivi. Ule wavu mwepesi wa kuku hautoshi, kwa sababu panya na vicheche hupenya, na njaa ya majira ya baridi huwafanya wazidi kutafuta.

Nailoni ya kuzungukia banda sina ugomvi nayo. Mume wako alikuwa sahihi kuzuia upepo wa chini, na kwenye kuta iache, hasa upande unaopigwa na upepo. Iishie tu chini ya matundu. Mwambie hivyo, kazi yake haikupotea.

Mkishafungua, fanyeni kipimo kimoja ambacho hakiongopi. Alfajiri, kabla ya kufungua mlango wa kuku, ingia bandani, uchuchumae hadi kichwa chako kiwe sawa na cha kuku aliyelala, uvute pumzi. Ukisikia harufu kali, uwazi hautoshi au matandazo yamelowa. Kisha angalia kioo. Kioo kikavu asubuhi ya baridi kinakwambia hewa inazunguka. Kikiwa na barafu ndani, ongeza uwazi. Mkilalamika kwamba sasa banda lina baridi kuliko jana, ni kweli, litakuwa na baridi zaidi. Kuku watakuwa wakavu.

Matandazo yaliyolowa mtoe yote safari hii. Wekeni maranda makavu ya mbao, kina cha sentimita 15, na kila wiki ongezeni kidogo na kuyageuza kwa reki. Kufikia mwisho wa baridi yanaweza kufika sentimita 30, na yanapooza taratibu hutoa joto dogo chini. Maranda ya mwerezi epukeni, mvuke wa mafuta yake hauwafai kuku. Nyasi kavu hushika ukungu haraka. Chini ya mti wanaolalia wekeni ubao wa kupokea kinyesi, na muukwangue kila asubuhi. Ni kazi ya dakika chache na inaondoa kiasi kikubwa cha maji bandani kabla hayajageuka mvuke. Kama ningeambiwa nichague kazi moja tu ya kila siku, ningechagua hiyo.

Na huo mti wanaolalia, uangalie. Ukiwa mwembamba na wa mviringo, kuku anaukumbatia kwa vidole na ncha zinabaki nje kwenye baridi. Badilisheni muweke ubao bapa, upana wa sentimita 9 au 10, upande mpana ukitazama juu. Kuku atakaa bapa, tumbo na manyoya vifunike vidole vyote. Kila kuku apate sentimita 25 hivi za ubao. Wataminyana wenyewe wakitaka joto.

Turudi kwa jogoo. Majogoo ndio huumia kwanza kwa sababu upanga wao ni mkubwa na ndevu zao huchovya kwenye maji wanapokunywa. Sehemu iliyokwisha kuwa nyeusi na kavu imekufa, lakini inafunika nyama hai iliyo chini yake. Ukiikata unafungua kidonda, damu itatoka, na baridi itaingia ndani zaidi. Iacheni. Itakauka na kudondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa, upanga utabaki mfupi na butu, na jogoo ataendelea kuishi vizuri. Msiisugue, msiipulizie hewa ya moto. Ukiona sehemu nyingine imepauka sasa hivi na ni baridi kuishika, huyo muingize mahali pasipo na baridi kali, umkandie taratibu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, umkaushe kabisa. Na asirudi nje usiku huo huo, maana nyama iliyoyeyuka ikiganda tena huharibika zaidi kuliko mara ya kwanza. Uvimbe usiopungua, usaha, harufu mbaya au vidole vya miguu kuwa vyeusi ni kazi ya daktari wa mifugo, msijaribu wenyewe. Angalieni pia wenzake wasimdonoe pale palipoungua. Wakianza, mtengeni nyuma ya wavu lakini abaki anawaona. Na kama mnataka vifaranga, mjue kwamba jogoo aliyeungua vibaya mbegu zake hupungua nguvu kwa muda.

Kuhusu taa nitasema wazi kwa sababu hapa pana hatari ya kupoteza vyote usiku mmoja, na pengine nyumba pamoja navyo. Taa ya wati 250 inachemka kiasi cha kuwasha maranda, manyoya na vumbi. Kuku huruka, hugonga, kibanio hulegea, taa inaanguka kwenye matandazo makavu. Mabanda mengi yameteketea hivyo, na kuku hawana pa kukimbilia kwa kuwa mlango umefungwa. Hata isipoanguka, inawanyima kuku nafasi ya kuzoea baridi. Siku umeme utakapokatika katikati ya dhoruba, watatoka kwenye joto na kuingia kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa chache, na hapo ndipo hata kuku mzima hufa. Hofu yako ilikuwa sahihi. Wanaohitaji joto la kuongezwa ni vifaranga ambao hawajaota manyoya, yaani chini ya wiki sita hivi, na kuku mgonjwa. Kwa hao kuna vibao bapa vya joto vinavyotengenezwa kwa ajili ya kuku, visivyo na balbu na visivyochemka kama taa.

Vifulana msishone. Fulana inayalaza manyoya yale yale yanayotakiwa kusimama ili yanase hewa, inashika maji, na inaficha utitiri. Majira haya utitiri wa manyoya hupenda sana kuku. Usiku mmoja kati ya wiki chukua tochi, inua manyoya kuzunguka sehemu ya nyuma, uangalie kama kuna wadudu wadogo au uchafu mweusi kwenye mashina ya manyoya. Wawekeeni pia sanduku la mchanga mkavu uliochanganywa na udongo, mahali pasiponyeshewa, wapate kujigaragaza. Ardhi ya nje imeganda, hawawezi kuchimba wenyewe.

Maji yanahitaji bidii kuliko akili. Kuku asipokunywa hali, na asipokula hapati cha kuzalisha joto. Kama mna umeme salama huko nje, kuna vitako vya kupasha maji visivyotoa mwanga, vinazuia kuganda tu. Kama hamna, tumieni bakuli mbili za mpira: moja iko nje, nyingine ndani ya nyumba, mnabadilishana asubuhi, mchana na kabla ya jioni. Bakuli la mpira ukilikunja barafu inatoka nzima bila kupasuka chochote. Maji ya uvuguvugu ni mazuri. Chumvi au dawa yoyote ya kuzuia kuganda msitie kabisa. Chombo chenye mdomo mwembamba ni bora kwa jogoo, ndevu zisilowe. Na usiku maji yasikae bandani: kuku hawanywi gizani, yataongeza mvuke tu.

Chakula ongezeni. Jike anayekula gramu 120 kwa siku wakati wa joto atahitaji zaidi sasa, na akijaziwa chombo atajipimia mwenyewe. Kiwe chakula kamili cha kuku wa mayai. Jioni, kama saa moja kabla hawajapanda kulala, watupieni mahindi yaliyoparazwa, konzi moja au mbili kwa kuku wote kumi. Yanameng'enywa usiku na kazi hiyo hutoa joto. Msizidishe, kwa sababu mahindi yana protini ndogo, na kuku aliyenenepa sana hatagi vizuri. Chakula kikae ndani au chini ya kifuniko, ndege wa porini wasikifikie. Majira haya ndege wanaohama husafiri na mafua ya ndege, na kinyesi chao kwenye chombo cha chakula kinatosha kuleta msiba.

Theluji ikianguka, kuku wengi hukataa kuikanyaga. Fagieni njia nyembamba kutoka mlangoni, mwage majani makavu juu yake, nao watatoka. Kukaa ndani siku nzima kunawafanya wadonoane, basi watundikieni kabichi nzima kwa kamba, kimo cha kuwalazimu wanyooshe shingo.

Mayai. Hapo, mwanangu, baridi inasingiziwa. Jike anahitaji saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku ili atage mfululizo, na majira haya mchana hauzifikishi. Mwili wake unajua si wakati wa kulea. Mnaweza kuongeza mwanga kwa balbu ndogo isiyochemka, iliyofungwa imara, ikiwashwa na swichi ya saa alfajiri. Isiwe jioni, maana ikizimika ghafla kuku watakwama gizani kabla ya kupanda. Ongezeni nusu saa kwa wiki, si saa zote kwa mkupuo. Lakini kwa maoni yangu mwaka huu msifanye. Hawa wametoka kulala wiki kadhaa kwenye amonia, na mmoja yuko katikati ya kubadilisha manyoya. Waacheni wapumzike, mchana ukirefuka watarudi bila kusukumwa. Yai moja mnalopata liokoteni mapema, kwa kuwa likiganda linapasuka, na lililopasuka gandani msilile.

Mkija kuongeza kuku baadaye, tazameni upanga kabla ya rangi. Kuku wa aina ya Leghorn hutaga sana, ila upanga wake mrefu ni mzigo kwenye baridi kama yenu. Wyandotte ana upanga mpana uliolala kichwani. Chantecler alizalishwa Quebec, Kanada, mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya baridi hasa, na upanga na ndevu zake ni vidogo sana. Silkie muwaache: manyoya yao yako kama pamba, hayazuii maji.

Amebaki yule jike aliyenyonyoka. Huenda anabadilisha manyoya tu, na amechelewa. Mshike kwa upole umtazame: ukiona vijiti vidogo vya manyoya mapya vikichomoza, ndivyo ilivyo. Ukikuta ngozi tupu iliyochubuka, anadonolewa au ana utitiri, na hapo tibu hicho kwanza. Kama anaota mapya, usimshikeshike tena, vijiti hivyo vina damu ndani na vinauma. Manyoya karibu yote ni protini, kwa hiyo kwa majuma haya wapeni wote chakula chenye protini asilimia 18 hadi 20 badala ya 16, na ganda la chaza au chokaa ya kuku iwe kwenye chombo cha pembeni. Usiku muweke katikati ya ubao, kati ya wenzake wawili wanene. Zikija hizo nyuzi 20, akionekana amejikunja mchana, macho amefumba na chakula hagusi, muingizeni kwenye chumba kisicho na upepo lakini kisichopashwa moto, ndani ya sanduku lenye maranda, na abaki humo hadi mgongo ufunikwe. Akikaa siku mbili bila kula, mpelekeni kwa daktari.